Ndugu kakamatwa kaunti ya mashambani huku Marekani: mnampataje? Tusaidiane hapa

#1 Mleta uzi

Wadau, habari zenu. Yaliyonipata wiki hii yanaweza kumpata yeyote mwenye ndugu huku Marekani, hasa wenye ndugu madereva, kwa hiyo nayaweka hapa yote.

Mdogo wangu anaendesha trela masafa marefu. Jumanne saa tisa alasiri alinitumia ujumbe: "Polisi wamenisimamisha, ngoja nitakupigia." Hakupiga. Simu yake ikawa inaita bila kupokelewa, na ilipofika usiku ikazimika. Nikaipigia kampuni yake, wakaniambia kifaa cha kufuatilia gari kinaonyesha trela lipo kwenye yadi ya magari yaliyovutwa, katika kaunti ambayo sijawahi hata kuisikia. Dereva hawajui aliko.

Nikafungua tovuti ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti hiyo. Picha ya jengo, namba ya simu, saa za ofisi, basi. Orodha ya mahabusu haipo. Nikaandika jina la mdogo wangu kwenye intaneti pamoja na neno "kukamatwa", zikaja tovuti za rekodi. Zile zinazokuonyesha duara linazunguka, mara "tumepata rekodi 7", mara "usifunge ukurasa huu", mwisho wanataka kadi ya benki. Nililipa. Kilichokuja ni anwani za zamani za watu wa majina yanayokaribiana na letu, na hata mmoja si yeye.

Nilimpata Alhamisi asubuhi, kaunti ya jirani, maili kama 40 kutoka alipokamatiwa. Kaunti ya kwanza haina jela, inawalipa majirani wawashikilie watu wake. Na hata huko jirani nilikuwa nimeshapiga simu Jumatano wakasema hawana mtu wa jina hilo. Jina letu la ukoo linaanza na Ng'. Mfumo wao haupokei ile ritifaa, na aliyemwandikisha akaona bora aweke jina la baba yetu kama jina la ukoo. Mtu alikuwa mle ndani wakati naambiwa hayupo.

Naomba mliopitia hili mseme mlifanyaje, ili mwingine akija kutafuta usiku wa manane akute pa kushika.

#2 (dereva, Texas)

Pole sana dada. Mimi naendesha mwaka wa 11 sasa, na nimewatafuta wenzangu wanne kwa njia hii, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

La kwanza, ondoa kichwani wazo la daftari moja la nchi nzima. Kuna kaunti zaidi ya 3,000, na kila moja ina kitabu chake. Texas peke yake ina kaunti 254. Mojawapo ni Loving, ambayo sensa ya 2020 iliihesabia watu 64. Kaunti za namna hiyo msitegemee zina mtu wa kuhuisha tovuti kila siku.

La pili, usimtafute aliyekamata, mtafute anayemshikilia. Barabarani unaweza kusimamishwa na polisi wa jimbo, wa mji au naibu wa sherifu. Sare tofauti, magari tofauti, lakini mwisho wa safari huwa karibu kila mara ni jela ya kaunti, na jela hiyo sehemu nyingi iko chini ya sherifu, ambaye huchaguliwa kwa kura. Sisi huwa tunafungua ramani, tunaweka alama pale gari liliposimama, halafu tunaandika kaunti zote zinazopakana na hapo. Mara nyingi zinakuwa 5 au 6. Unazipigia moja moja.

Piga namba isiyo ya dharura. Usipige 911, utawaudhi na hawatakusaidia. Kwenye kaunti ndogo anayepokea simu ndiye huyo huyo anayezungumza na askari kwenye redio na ndiye anayefungua mlango wa jela, kwa hiyo sema kwa ufupi: natafuta ndugu yangu, jina lake hili, kazaliwa tarehe hii, je, mnaye? Taja jina herufi kwa herufi. Akisema hayupo, usikate. Muulize watu wanaokamatwa kwenye barabara ile hupelekwa wapi. Swali hilo ndilo lililonipatia wawili kati ya wale wanne.

Ila majimbo hayafanani. Kentucky jela ina mkuu wake anayechaguliwa kwa kura, si sherifu. West Virginia wana jela za kanda zinazoendeshwa na jimbo. Alaska, Connecticut, Delaware, Hawaii, Rhode Island na Vermont, jela na magereza yote yako chini ya jimbo, kwa hiyo huko unatafuta kwenye tovuti ya idara ya magereza ya jimbo. Na Louisiana usitafute "kaunti", wao wanaita parokia.

#3 (mkalimani wa mahakama)

Mwanangu pole. Mimi natafsiri Kiswahili mahakamani, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko kwenye miji midogo ambako wanaotuita hawajawahi kumsikia mtu akisema Kiswahili.

Niwaeleze hiki kitabu chenyewe. Mtu akifikishwa jela anaandikishwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, alama za vidole, picha, vitu alivyokutwa navyo, tuhuma, nani kamkamata, saa ngapi, na kiasi cha dhamana kama kimeshapangwa. Anapewa namba. Hiyo namba mkiipata iandikeni mahali, kwa sababu jina linaweza kuandikwa vibaya sehemu tatu tofauti lakini namba haibadiliki. Kuandikishwa kunaweza kuchukua saa nyingi, na kama mtu ameumia anapelekwa hospitali kwanza. Ndiyo maana saa za mwanzo unaambiwa "hayupo" na anayekujibu hasemi uongo.

Kuna kaunti niliyofika ambako orodha ya mahabusu ilikuwa karatasi moja imebanwa kwenye ubao wa klipu, inaning'inia dirishani pembeni ya kengele. Majina 9, mawili yamekatwa kwa kalamu nyekundu maana wenyewe walishatoka. Kila asubuhi karani anaandika nyingine. Hiyo ndiyo rekodi ya umma ya pale. Mtu akiniambia "nimetafuta kwenye intaneti sijaona", namwambia intaneti haijafika kwenye ule ubao.

Kuhusu sheria, watu wengi wanaandika barua wakitaja sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 1966. Ile ni ya ofisi za serikali kuu tu. Sherifu hafungwi nayo. Kila jimbo lina sheria yake ya rekodi za umma, na ndiyo mtakayoitaja. Texas, taarifa za msingi za mtu aliyekamatwa haziruhusiwi kufichwa hata kama upelelezi unaendelea. Illinois, taarifa za ukamataji zinatakiwa zitolewe haraka iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72 tangu mtu akamatwe. Virginia wana haki ya kumkatalia asiye mkazi wa jimbo lao, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikubaliana nao mwaka 2013, kwa hiyo ombi la maandishi la huko mpeni mtu anayeishi huko alisaini. Lakini barua ni ya kutafuta nakala za baadaye. Usiku ndugu yako amepotea, simu ndiyo inayofanya kazi.

Mlango mwingine, ambao naona hautajwi, ni karani wa mahakama. Mtu akikamatwa bila hati ya hakimu, kwa kawaida hakimu lazima athibitishe ndani ya saa 48 kwamba kulikuwa na sababu ya kumkamata. Hiyo ni hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1991. Muda si mrefu jalada linafunguliwa, na jalada lina jina. Wisconsin, Missouri na Indiana mnaweza kuyatazama majalada ya kesi bure kwenye tovuti za mahakama za jimbo. Mpigieni karani muulize ratiba ya kesi za kesho. Kwenye kaunti ndogo ratiba nzima ni ukurasa mmoja, na atakusomea.

#4 (Mkongomani, Kentucky)

Jambo la majina, nakubali sana. Sisi tuliokuja kama wakimbizi wengi wetu makaratasi yanasema tumezaliwa tarehe 1 Januari. Kaka yangu alipokamatwa walikuwa na watu wawili wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, nikapewa habari za mtu mwingine kabisa, na mashtaka yake yalikuwa mazito. Mama alianguka pale pale sebuleni. Kumbe si yeye. Muulize pia mtaa anaoishi, au urefu wake, kabla hujaipigia familia.

Na kwenye kisanduku cha kutafutia usiandike jina zima. Andika herufi 3 za kwanza tu, halafu soma orodha yote kwa macho yako. Jina la Kiswahili linaweza kuwa limekatwa katikati, limegeuzwa, au limeandikwa kama askari alivyolisikia.

Kuna pia mfumo unaitwa VINE. Ulianzia hapa hapa Kentucky, Louisville, mwaka 1994, baada ya binti kuuawa mwaka uliotangulia na mpenzi wake wa zamani ambaye alikuwa ametoka jela kwa dhamana, na binti hakuambiwa. Ulitengenezwa kwa ajili ya waathirika, lakini yeyote anaweza kutafuta, ni bure, na unaweza kujiandikisha upate ujumbe mtu akihamishwa au akitoka. Unafanya kazi majimbo mengi, na kuna jela ndogo ambazo hazina tovuti lakini zimo humo. Mimi nilimpata kaka huko.

#5

Na kama ndugu hana makaratasi? Wa kwangu alitoka jela ya kaunti Ijumaa, orodha inasema "ameachiwa", lakini nyumbani hajafika. Leo siku ya tatu.

#6 (mkalimani wa mahakama)

Mwanangu, "ameachiwa" kwenye orodha ya kaunti maana yake ni kwamba kaunti haimshikilii tena. Haimaanishi kwamba yuko huru. Idara ya uhamiaji huweza kuomba jela imweke mtu mpaka saa 48 zaidi ili waje kumchukua. Ingia kwenye ukurasa wao wa kutafuta walioshikiliwa. Unahitaji ile namba yake ya uhamiaji inayoanza na A pamoja na nchi aliyozaliwa, au jina kamili na nchi. Hapo jina lazima lilingane kabisa na lilivyo kwenye makaratasi yao, kwa hiyo jaribu kila mpangilio. Zingatia kwamba uhamiaji hukodi vitanda kwenye jela za kaunti, tena nyingi ziko mashambani, kwa hiyo anaweza kuwa bado yuko jengo lile lile ila sasa yuko kwenye orodha ya mtu mwingine. Ukimpata, wakili wa uhamiaji kabla ya kitu kingine chochote. Asisaini karatasi asiyoielewa.

Hali ni hiyo hiyo kwa kesi za serikali kuu. Wanaoshikiliwa na askari wa mahakama za serikali kuu huwekwa jela za kaunti kwa malipo, na ukimtafuta kwenye orodha ya magereza ya serikali kuu huenda usimwone mpaka ahamishiwe huko. Na kama njia ilipita kwenye ardhi ya wenyeji wa asili, wana polisi wao na jela zao, ambazo hazimo kwenye kitabu cha kaunti.

#7 (dereva, Texas)

Naongeza kuhusu ubalozi, maana wengi hatujui. Mkataba wa Vienna wa 1963, kifungu cha 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuambiwa kwamba anaweza kuwasiliana na ubalozi wake. Kwa Mkenya kama mimi, ubalozi unaarifiwa nikitaka mwenyewe. Kwa raia wa Tanzania ni lazima ubalozi uarifiwe, atake asitake, kwa sababu Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye makubaliano hayo na Marekani. Askari wa kaunti ndogo wengi hawalijui hili. Mtanzania akikamatwa, ndugu mpigie ubalozi Washington mwenyewe, na ukizungumza na jela litaje hilo kwa heshima.

#8

Mimi nina neno tofauti. Hizi orodha zifungwe. Mwaka jana nilikamatwa kwa kosa ambalo mwendesha mashtaka mwenyewe aliliondoa baada ya wiki 5. Lakini siku ya pili tu picha yangu ya jela ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu, watu wa msikitini, watu wa harusi, wote. Niliyemfundisha mtoto wake Kurani alinitolea macho dukani kama hanijui. Kesi imefutwa, rekodi ya mahakama nimeomba ifutwe na imefutwa, picha bado inazunguka. Aliyeituma hajawahi kuniomba radhi.

#9 Mleta uzi

Kaka, pole kutoka moyoni. Ulichofanyiwa ni ukatili, na nimekaa na maneno yako usiku kucha kabla ya kujibu.

Lakini siwezi kukubali zifungwe. Kwa siku mbili nilikuwa na ndugu ambaye hajaandikwa popote ninapoweza kusoma, na ninajua sasa hofu ya namna hiyo ikoje. Kitabu kile kiko wazi ili serikali isiweze kumchukua mtu na kumweka chumbani kimya kimya. Kikifungwa, wa kwanza kuumia ni sisi ambao hatumjui mtu yeyote mjini pale. Ninachoweza kuungana nawe ni kwenye picha. Ili nimpate mdogo wangu nilihitaji jina, namba na mahali. Picha haikunisaidia kitu. New York walibadilisha sheria mwaka 2019 ili picha hizo zisitolewe hovyo, Utah mwaka 2021 wakasema zisitolewe mpaka mtu apatikane na hatia, na California mwaka huo huo wakazuia polisi kuziweka kwenye kurasa zao za mitandao kwa watuhumiwa wa makosa yasiyo ya vurugu. Hilo naliona sawa kabisa. Tuhuma si hukumu, na mtu anayeisambaza picha ya mwenzake akiwa na macho mekundu saa tisa za usiku hatafuti ndugu.

#10 (mkalimani wa mahakama)

Kaka wa #8, kuna tovuti zilizokuwa zinachota picha kutoka jela halafu zinawatoza watu pesa ili kuziondoa. California na Florida wamepiga marufuku kutoza. Ukikuta yako huko, waandikie, ambatanisha amri ya mahakama ya kufuta rekodi, na uwape tarehe ya kujibu. Amri ya mahakama inazibana ofisi za serikali, hizi tovuti binafsi hazijui kama kesi imefutwa mpaka uwaambie.

Na familia zenye mtu ndani sasa hivi, chungeni simu. Matapeli nao wanasoma orodha hizi. Wanakupigia wakijifanya naibu wa sherifu, wanalitaja jina la ndugu yako na namba yake ya jela bila kukosea, wanataka dhamana ilipwe kwa kadi za zawadi au kwa kutuma pesa kwa simu. Kata, halafu piga mwenyewe jela uulize. Wadhamini wa biashara wapo kweli, kawaida wanachukua asilimia 10 ambayo hairudi, lakini si kila jimbo: Kentucky, Illinois, Oregon na Wisconsin hawaruhusiwi, na Illinois tangu Septemba 2023 dhamana ya fedha haipo kabisa.

#11 (#5 tena)

Mama shikamoo. Nimempata. Jina la mwisho na la kwanza walikuwa wameyageuza. Yuko kaunti ile ile, kama ulivyosema, hajatolewa hata nje ya geti. Tumeshazungumza na wakili. Mungu akubariki.

#12 (mkalimani wa mahakama)

Marahaba mwanangu. Mwambie akipelekwa mbele ya hakimu aseme anataka mkalimani wa Kiswahili, hata kama Kiingereza anakijua cha dukani. Asione haya.

#13 Mleta uzi

Mrejesho, wadau. Mdogo wangu ametoka jana. Kulikuwa na hati ya zamani ya kukamatwa kwa faini ya mwendo kasi ambayo hakujua kwamba haikulipwa, jimbo tofauti kabisa. Kesi yake ni mwezi ujao, na karani wa pale alikuwa mtu mwema sana, alinisomea kila mstari wa jalada kwa simu taratibu huku naandika.

Kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaja, na mimi nimekijua jana. Nilimuuliza kwa nini hakunipigia. Akaniambia alipiga. Simu ya jela inaanza na sauti ya mashine inayokuuliza kama unakubali kupokea, na inatoka kwenye namba usiyoijua. Simu yangu nimeiwekea kizuizi cha simu za matangazo. Nikafungua orodha ya zilizozuiwa: mara 5, namba ile ile. Ya kwanza Jumanne saa tatu na dakika 12 usiku, wakati mimi nimekaa mezani nalipia ile tovuti. Namba zote zilikuwa kwenye simu yake waliyoichukua, na yangu ndiyo pekee aliyoikumbuka kichwani.

Kizuizi nimekiondoa. Namba ya jela ile nimeihifadhi kwa jina lake.